Clemens alishinda mahakamani, mbona mlango wa Cooperstown haumfungukii?

Swali: "Shikamoo. Niko Houston mwaka wa pili sasa na nimeanza kufuatilia besiboli. Kazini kwetu ukitaja tu jina la Roger Clemens, chai inapoa. Mmoja anasema hajapata kutokea mrushaji kama yeye, mwingine anasema alikuwa akijidunga dawa na rekodi zake zifutwe zote. Mahakama si ilimwachia huru? Mbona basi hayumo kwenye Ukumbi wa Mashujaa? Nimuunge mkono nani?"

Marahaba. Umeuliza swali moja lakini ndani yake yamo matatu, na hapo kazini ubishi hauishi kwa sababu kila mmoja anajibu lake. La kwanza ni la uwanjani: alirushaje? La pili ni la ushahidi: alitumia dawa au hakutumia? La tatu ni la kura: nani anaingia Cooperstown, uliko Ukumbi wa Mashujaa, na kwa kipimo cha nani? Mahakama uliyoitaja iligusa kipande kidogo tu cha lile la pili.

Tuanze uwanjani, maana huko ubishi ni mdogo.

Mrushaji husimama juu ya kichuguu chenye kimo cha sentimita 25, mita 18.44 kutoka kwenye bamba la mpigaji. Clemens, pande la mtu la sentimita 193, alikuwa akiachia mpira wa kasi unaozidi kilomita 150 kwa saa. Kwa mwendo huo mpira unafika kwa sekunde 0.4 hivi, kwa hiyo mpigaji anatakiwa awe ameshaamua kuupiga au kuuacha wakati mpira uko katikati ya njia. Akihesabiwa straiki tatu, yaani mipira mitatu halali aliyoikosa au kuiacha ipite, ametoka. Tarehe 29 Aprili 1986, akiwa na miaka 23 na bega lililofanyiwa upasuaji Agosti ya mwaka uliotangulia, Clemens aliwatoa kwa straiki wachezaji 20 wa Seattle katika mechi moja ya vipindi 9. Mechi kama hiyo ina watu 27 tu wa kutolewa. Katika ligi kuu hakuna aliyekuwa amefikisha 20 kwa vipindi 9 kabla yake, na siku hiyo hakumpa mtu hata mmoja besi ya bure, ile anayopewa mpigaji mrushaji akikosa shabaha mara nne. Tarehe 18 Septemba 1996 akarudia vilevile dhidi ya Detroit: 20 tena, besi za bure sifuri.

Iweke tarehe hiyo ya 1996 akilini, tutaihitaji.

Mwaka 1986 alimaliza na ushindi 24 na kushindwa 4, akachukua tuzo ya Cy Young, ambayo kila msimu hupewa mrushaji bora wa kila ligi kati ya zile mbili zinazounda ligi kuu, pamoja na tuzo ya mchezaji bora wa ligi yake kwa ujumla. Hiyo ya pili warushaji huipata kwa nadra. Cy Young alikuja kuzikusanya 7: 1986, 1987, 1991, 1997, 1998, 2001 na 2004. Anayemfuata, Randy Johnson, anazo 5. Alistaafu na ushindi 354 na straiki tatu 4,672, yaani wapigaji aliowatoa kwa straiki, nyuma ya Nolan Ryan na Johnson peke yao.

Ila ushindi wa mrushaji ni takwimu ya kuitazama kwa jicho la pembeni. Anaweza kurusha vizuri mno na bado akashindwa kwa kuwa wenzake hawakupata mkimbio, yaani pointi, hata mmoja. Wewe uliye Houston waulize wazee kuhusu msimu wa 2005: Clemens, akiwa na Astros, aliruhusu wastani wa mikimbio 1.87 tu kwa mechi, bora kuliko mtu mwingine yeyote wa ligi yake, na bado alimaliza na ushindi 13 na kushindwa 8. Kwa hiyo tumia wastani wa mikimbio. Hesabu yake ni nyepesi: chukua mikimbio iliyotokana na mrushaji mwenyewe (ile ya makosa ya wadakaji uwanjani haihesabiwi), zidisha kwa 9, gawanya kwa idadi ya vipindi alivyorusha. Clemens aliruhusu 1,707 kwa vipindi 4,916 na theluthi mbili. Mara 9 unapata 15,363. Gawanya, unapata 3.12.

Je, 3.12 ni nzuri? Peke yake haikwambii kitu. Alirushia Boston miaka 13, kwenye uwanja wa Fenway ambako ukuta wa kushoto uko mita 94 tu kutoka kwa mpigaji, umesimama kwa kimo cha mita 11, na mipira ambayo kwingine ingedakwa kirahisi hapo hugonga ukuta na watu wakakimbia. Halafu miaka ya 1990 mikimbio ilikuwa inamwagika ligi nzima. Ndiyo maana wataalamu hurekebisha wastani kwa kuzingatia uwanja na zama, wakaiweka ligi ya kawaida kuwa 100; hapa namba ikipanda ndiyo bora. Clemens maisha yake yote ana 143. Kwa mtu aliyerusha misimu 24, hicho ni kitu cha kutisha. Warushaji waliomzidi kwa kipimo hicho wapo, ila karibu wote walirusha vipindi vichache zaidi yake, wengine nusu yake.

Jambo moja la ufundi kabla hatujaingia kwenye dawa, maana linahusiana nazo. Watu husema mwanamume wa miaka 40 hawezi kuwatoa vijana wa miaka 25 bila sindano. Wanasahau spliti. Mpira unabanwa kati ya kidole cha shahada na cha kati vilivyotanuliwa, mkono unatupwa kwa kasi ileile ya mpira wa kawaida, lakini mpira unazunguka kidogo tu na unatoka polepole kiasi. Ukikaribia bamba unazama. Mpigaji ameshaanza kuzungusha gongo akidhani ni mpira wa kasi. Gongo linapita juu, mpira unadundia miguuni kwa mdakaji. Kijana wa 1986 alitegemea mpira wa kasi na mpira wa kupinda. Mzee wa 2001 alikuwa akimpeleka mpigaji juu kwa mpira wa kasi, kisha anammalizia chini kwa spliti. Hilo halithibitishi kwamba alikuwa msafi. Linaonyesha tu kwamba umri peke yake si ushahidi, na yeyote anayekuletea umri kama hoja nzima, mwombe alete nyingine.

Sasa hiyo nyingine.

Desemba 13, 2007, aliyekuwa seneta George Mitchell alitoa ripoti aliyoombwa na ligi kuhusu dawa za kuongeza nguvu. Ndani yake Brian McNamee, kocha wa mazoezi ya viungo aliyefanya kazi Toronto mwaka 1998 na baadaye kwa Yankees wa New York, timu alizochezea Clemens baada ya Boston, alisema kwamba yeye mwenyewe alimdunga Clemens: steroidi aina ya Winstrol kuanzia kiangazi cha 1998, kisha testosteroni na homoni ya ukuaji mwaka 2000, na steroidi tena mwaka 2001. Clemens alikana, na anakana hadi leo. Alisema sindano alizopigwa na mtu huyo zilikuwa za vitamini B12 na za ganzi.

Ukiitazama ratiba hiyo utaona kwa nini hoja za pande zote mbili ni za kupimwa na si za kupigiwa kelele. Wanaomshutumu huko vijiweni wana 1998: Clemens alianza msimu kwa kusuasua, ushindi 5 na kushindwa 6, halafu akapata ushindi 15 mfululizo hadi mwisho, bila kushindwa. Ripoti ya Mitchell yenyewe iliutaja mwamko huo. Ukiambiwa hivyo tu, unasema basi, kesi imekwisha.

Lakini funua ukurasa wa kabla yake. Mwaka 1997, akiwa Toronto, kabla hajakutana na McNamee, alikuwa na ushindi 21, straiki tatu 292 na wastani wa 2.05. Msimu wa 1998, pamoja na mfululizo wote ule, uliisha kwa 2.65. Mwaka 2000 ulikuwa 3.70. Mwaka 2001 ulikuwa 3.51. Ile 1.87 ya 2005 haimo kwenye miaka aliyoitaja McNamee. Maana yake, katika miaka ya tuhuma Clemens hakuwa bora kuliko alivyokuwa nje yake. Mara nyingi alikuwa chini. Anayeamini kuwa dawa ndizo zilizomjenga anaweza kujibu kwamba dawa husaidia mwili kupona haraka kati ya mechi, na mtu aliyekaribia 40 faida yake ni kuendelea kuwepo uwanjani kuliko kurusha vizuri zaidi. Hiyo ni hoja ya haki. Ila si hoja ileile anayopiga mwenzako hapo kazini.

Kosa jingine linalorudiwa: "Boston walimwacha 1996 kwa sababu alikuwa amekwisha, akafufukia kwenye dawa." Ni kweli kwamba misimu minne ya mwisho Boston alikuwa na ushindi 40 na kushindwa 39, na uongozi uliona jua lake linaelekea kuzama. Lakini ile tarehe niliyokwambia uiweke akilini, mechi ya straiki tatu 20, ni ya Septemba 1996. Mwaka huohuo wa "kwisha" aliongoza ligi yake kwa straiki tatu, 257, huku akishinda mechi 10 na kushindwa 13. Mkono ulikuwepo. Kilichokosekana zaidi ni timu nyuma yake, na katika miaka ya kabla ya hapo, majeraha.

Kwa upande wa ushahidi, McNamee hakuwa na maneno matupu. Alikuwa ametunza sindano na pamba za mwaka 2001 ndani ya kopo la bia, na vinasaba vya Clemens vilipatikana kwenye baadhi ya vitu hivyo. Mawakili wa utetezi wakasema vitu vilivyokaa miaka yote hiyo kwenye kopo, mikononi mwa mtu mmoja mwenye ugomvi, haviwezi kuaminiwa. Aliyeweza kuvitunza aliweza pia kuvichanganya. Halafu kuna Andy Pettitte, rafiki wa Clemens na mrushaji mwenzake, ambaye alikiri kutumia homoni ya ukuaji yeye mwenyewe. Pettitte alieleza chini ya kiapo kwamba mnamo 1999 au 2000 Clemens alimwambia ameitumia. Clemens akajibu kwamba rafiki yake alimsikia vibaya. Kwangu mimi Pettitte ndiye aliyekuwa shahidi mzito kuliko wote, kwa kuwa hakuwa na cha kufaidi.

Tukija mahakamani, hapa ndipo wengi hujikwaa. Clemens hakushtakiwa kwa kutumia dawa. Februari 13, 2008 alijitokeza kwa hiari yake mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi, akaapa kwamba hajawahi kuzitumia. Agosti 2010 akafunguliwa mashtaka sita: moja la kulizuia Bunge lisifanye kazi yake, matatu ya kutoa maelezo ya uongo na mawili ya kudanganya chini ya kiapo. Kesi ya kwanza, Julai 2011, ilivunjwa na Jaji Reggie Walton siku ya pili ya ushahidi, baada ya waendesha mashtaka kuwaonyesha juri video iliyokuwa na maelezo ambayo jaji alishayakataza. Ya pili ilianza Aprili 2012. Pettitte alipobanwa na wakili wa utetezi alikubali kwamba kuna uwezekano wa nusu kwa nusu kuwa alimwelewa vibaya Clemens. Ukishasikia shahidi wako mkuu anasema nusu kwa nusu katika kesi ya jinai, funga mafaili. Juni 18, 2012 juri ilimwona hana hatia kwa mashtaka yote sita.

Kwa hiyo mwenzako anayesema "mahakama ilimsafisha" amezidisha. Juri ilisema serikali haikuthibitisha uongo bila kuacha shaka. Hakuna mahakama iliyotamka kwamba hakudungwa. Na anayesema "alikutwa na dawa" naye amezidisha zaidi, kwa sababu hakuna kipimo chochote kilichotangazwa hadharani kwamba alishindwa, na ligi haikuwahi kumfungia hata mechi moja. Sababu mojawapo ni kwamba kwa muda mrefu vipimo havikuwepo. Kamishna alipiga marufuku steroidi kwa waraka mwaka 1991, lakini wachezaji hawakuanza kupimwa hadi 2003, na mwaka huo vipimo vilikuwa vya siri, bila adhabu. Homoni ya ukuaji iliingia kwenye orodha ya ligi mwaka 2005. Waraka bila kipimo ni kama kibao cha "usikojoe hapa" ukutani. Kila mtu anakisoma na ukuta unabaki umelowa.

Sasa Cooperstown, ule mji wa jimbo la New York uliko Ukumbi wa Mashujaa. Wanaopiga kura kwanza ni waandishi wa besiboli wenye uanachama wa miaka 10. Mchezaji hukaa kwenye karatasi ya kura kwa miaka isiyozidi 10 na anahitaji asilimia 75. Kanuni inawaagiza wapigakura watazame rekodi na uwezo, na pia uadilifu, uanamichezo na tabia. Neno hilo uadilifu ndilo lililomkwamisha. Hapo hakuna kiwango cha "bila kuacha shaka". Mwandishi anaweza kumnyima kura kwa kuamini tu kwamba McNamee alisema kweli.

Mwaka 2013 Clemens alianza na asilimia 37.6. Mwaka 2016 alifika 45.2, na 2017 akaruka hadi 54.1. Mruko huo una sababu yake. Desemba 2016 kamati nyingine ilimwingiza ukumbini Bud Selig, kamishna aliyesimamia ligi katika zama zilezile za dawa, na waandishi kadhaa walisema wazi: ikiwa bosi wa nyumba ameingia, kwa nini tuwafungie wapangaji? Baada ya hapo akawa anapanda kwa kusota. Mwaka wake wa mwisho, 2022, alipata 65.2. Mwaka huohuo David Ortiz aliingia kwa asilimia 77.9 mara ya kwanza tu jina lake kuwekwa, ingawa mwaka 2009 gazeti la New York Times liliandika kwamba alikuwemo kwenye orodha ya waliokutwa na dawa katika vipimo vile vya siri vya 2003. Ortiz amekana kutumia steroidi, na vipimo vile havikutakiwa kutajwa. Lakini ukiwa shabiki wa Clemens, hapo ndipo chai inapopoa kweli.

Tusijifanye kwamba ni dawa tu, tabia nayo ilikuwa na mengi. Aligonga wapigaji 159 kwa mpira, na mipira ya karibu na kidevu ilikuwa sehemu ya kazi yake. Julai 8, 2000 alimpiga Mike Piazza wa Mets kwenye helmeti hadi akapata mtikisiko wa ubongo. Oktoba 22, kwenye fainali za World Series, gongo la Piazza lilivunjika, kipande kikamfikia Clemens, naye akakirusha kwa nguvu upande aliokuwa akikimbilia Piazza. Alisema alidhani ni mpira. Sijawahi kukutana na mtu asiye shabiki wa Yankees aliyeliamini hilo. Alitozwa faini ya dola 50,000. Usiku huo alirusha vipindi 8 bila kuruhusu mkimbio.

Uliuliza umuunge mkono nani. Maoni yangu ni kwamba anapaswa kuwemo, na njia ya kulipima ni kuchukua kalamu na kukata rekodi yake mwisho wa 1997, kabla ya sindano ya kwanza anayodaiwa kupigwa. Kinachobaki: ushindi 213, kushindwa 118, straiki tatu 2,882, Cy Young 4 na tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Linganisha na Pedro Martínez, aliyeingia 2015 kwa zaidi ya asilimia 90 akiwa na ushindi 219 na Cy Young 3. Au Sandy Koufax, ushindi 165 na Cy Young 3, ambaye hakuna anayethubutu kumgusa. Clemens wa kabla ya tuhuma anakaa nao meza moja bila kuomba kiti. Anayepinga atasema uadilifu haukatwi kwa kalamu, kwamba aliyeharibu nusu ya pili ameharibu kitabu kizima. Hapo takwimu zimefika mwisho wake, na mimi na yeye tutatofautiana kwa heshima.

Kwa wewe unayekaa Houston, kuna usiku mmoja ambao hata wanaomchukia huukumbuka kwa tabasamu. Oktoba 9, 2005, Astros na Atlanta walicheza vipindi 18 katika mechi ya mtoano. Warushaji wa akiba waliisha. Clemens, miaka 43, aliyekuwa amerusha siku tatu nyuma, aliingia kutoka benchi na kurusha vipindi vitatu bila kuruhusu mkimbio, hadi Chris Burke wa Astros alipopiga mpira wa kuvuka uzio na kuimaliza mechi 7 kwa 6. Mwaka huo Astros walifika World Series kwa mara ya kwanza. Mtaje Burke hapo kazini, uone nani anaweka kikombe chini.

Boston nao wana lao la ajabu. Walimwingiza kwenye ukumbi wa klabu mwaka 2014, na tangu alipoondoka hakuna mchezaji wao aliyevaa jezi namba 21, lakini namba hiyo hawajaistaafisha rasmi. Iko pale, haivaliwi, haitundikwi.

Baada ya waandishi kumalizana naye, jina lake lilikwenda kwenye kamati ya watu 16, ambako zinahitajika kura 12. Desemba 2022 alipata chini ya 4. Desemba 2025 aliyeingia ni Jeff Kent, na Clemens akapata chini ya 5. Hiyo 5 ina uzito wake: kwa kanuni mpya, asiyeifikia haruhusiwi kuwekwa kwenye duru inayofuata, ya 2028. Nafasi yake ya karibu zaidi ni Desemba 2031, akiwa na miaka 69, na akishindwa tena kufikisha 5 hawekwi tena kabisa.